Dola 13 na senti 13

Agosti 1940 kampuni ya uchapishaji ya Charles Scribner's Sons ya New York ilimpelekea mwandishi wake mmoja hesabu ya mrabaha. Vitabu vyake vyote vilikuwa vimeuza nakala 40. Riwaya iitwayo The Great Gatsby ilichangia saba. Haki yake ilikuwa dola 13 na senti 13. Miezi minne baadaye, tarehe 21 Desemba, F. Scott Fitzgerald alianguka akafa mjini Hollywood kwa maradhi ya moyo, akiwa na miaka 44. Ghalani mwa Scribner's kulikuwa bado na nakala za Gatsby zilizochapwa mwaka 1925 na kukosa mnunuzi.

Leo ni vigumu kumaliza sekondari Marekani bila kukutana na kitabu hicho. Tangu kitoke hakijabadilika sana; waliobadilika ni wasomaji, na hasa hali ya mifuko yao.

Fitzgerald alizaliwa St. Paul, Minnesota, mwaka 1896. Kwao mama kulikuwa na fedha za duka la jumla la vyakula. Kwao baba kulikuwa na jina la heshima na biashara ya samani iliyokufa. Baba akaajiriwa kuuza bidhaa za Procter & Gamble, na mwaka 1908 akaachishwa kazi, mtoto akiwa na miaka 11. Kuanzia hapo familia iliishi kwa fedha za ukeni. Kijana akakua jirani na matajiri, akicheza na watoto wao na kualikwa kwenye dansi zao, huku akijua vizuri kwamba yeye si mwenzao. Sidhani kama Chuo Kikuu cha Princeton, alikoingia mwaka 1913 na kuondoka bila shahada, kilimfundisha zaidi ya hapo.

Mwaka 1918, akiwa luteni kambini karibu na Montgomery, Alabama, alikutana na Zelda Sayre, binti wa jaji wa Mahakama ya Juu ya jimbo. Wakachumbiana. Vita vikaisha, yeye akaenda New York kuandika matangazo ya biashara kwa mshahara wa kubabaisha, na mwaka 1919 binti akavunja uchumba. Fitzgerald akarudi kwa wazazi, akajifungia chumbani na kuiandika upya riwaya iliyokuwa imekataliwa. Kitabu kilitoka tarehe 26 Machi 1920 na kununuliwa kama njugu. Tarehe 3 Aprili Scott na Zelda wakafunga ndoa New York. Hesabu mwenyewe: siku nane.

Mtu wa namna hiyo si mshindwa anayewaonea wivu waliofanikiwa. Alichokitaka alikipata, akaona kilivyopatikana. Mwaka 1936 alikiri kwa maandishi kwamba tangu mkasa ule hakuwaamini tena matajiri.

Oktoba 1922 wawili hao walipanga nyumba Great Neck, kwenye kisiwa cha Long Island, kwa dola 300 kwa mwezi. Wakati huo gari jipya la Ford la watu wa kawaida halikufika bei hiyo, kwa hiyo kila mwezi walikuwa wakimpa mwenye nyumba gari zima. Mwaka 1924 Fitzgerald aliandika makala ya kuchekesha katika jarida la Saturday Evening Post, akieleza jinsi familia yake ilivyotumia dola 36,000 kwa mwaka na bado ikaishiwa. Majirani walikuwa waigizaji, waandishi, wenye magazeti, na wengine ambao biashara zao hazikuulizwa.

Msomaji wa 1925 hakuhitaji kuelezwa biashara hizo ni zipi. Tangu Januari 1920 Marekani ilikuwa imepiga marufuku kutengeneza na kuuza pombe, na kama ajuavyo kila mtu aliyeishi mtaa wenye gongo au chang'aa, sheria haikaushi koo. Sheria yenyewe ilikuwa na tundu: daktari aliruhusiwa kumwandikia mgonjwa wiski kama dawa. Maduka ya dawa yakanoga. Katika riwaya, Gatsby anamiliki maduka hayohayo ya vichochoroni na kuuza pombe juu ya kaunta. Mshirika wake, Meyer Wolfsheim, aliumbwa kwa mfano wa Arnold Rothstein, mcheza kamari wa New York aliyedaiwa kununua matokeo ya fainali za besiboli za mwaka 1919.

Gatsby ni mtoto wa wakulima fukara wa North Dakota. Jina lake la kuzaliwa ni James Gatz. Akiwa ofisa wa jeshi asiye na kitu alimpenda Daisy, naye Daisy akaolewa na Tom Buchanan, tajiri wa kurithi. Gatsby akachuma kwa njia alizoziona, akanunua jumba ng'ambo ya ghuba mkabala na kwa Daisy, na kila wikiendi akafanya sherehe zilizojaa watu asiowajua, akitumaini kwamba siku moja Daisy naye atapita.

Upande wa Gatsby wanakaa matajiri wa jana, upande wa Daisy wale wa tangu babu. Fedha ni ileile, lakini ng'ambo ya pili wanamtazama jirani yao kwa jicho la methali yetu: maskini akipata, matako hulia mbwata. Wanacheka suti yake ya waridi, gari lake la manjano, namna yake ya kuzungumza. Hapo ndipo Fitzgerald alipoushika mkia wa jambo. Wenzake wengi waliandika juu ya ugumu wa kupanda ngazi. Yeye aliandika juu ya mtu aliyeifikia ghorofa ya juu akakuta wenye nyumba wameshafunga mlango.

Kati ya majumba hayo na jiji kuna bonde la majivu. Hilo hakulibuni. Majivu ya makaa yaliyochomwa majumbani mwa Brooklyn yalimwagwa Corona, katika eneo la Queens, hadi yakawa vilima, na abiria wa treni kutoka Long Island walipita katikati yake kila siku. Jalala hilo lilisawazishwa kwa ajili ya Maonyesho ya Dunia ya 1939. Siku hizi ni bustani ya Flushing Meadows, na mashindano ya tenisi ya US Open huchezwa humo.

Marekani ya zama hizo ilikuwa imelelewa na hadithi nyingine kabisa. Horatio Alger, aliyefariki mwaka 1899, aliandika vitabu zaidi ya 100 vya vijana, maarufu zaidi kikiwa Ragged Dick cha mwaka 1868, kuhusu mtoto mng'arisha viatu wa New York. Jina la Alger likawa methali ya kutoka ufukara hadi ukwasi. Ukivisoma utashangaa: Dick haishii kuwa milionea. Anamwokoa mtoto aliyeanguka majini, baba mtu anamshukuru kwa kumpa kazi ya ukarani, basi. Kwa lugha ya mtaani, alipata mtu wa kumshika mkono.

Fitzgerald alilijua somo hilo vizuri. Baada ya Gatsby kupigwa risasi, baba yake anakuja kutoka mbali na kijitabu cha utotoni, ambamo kijana alijiandikia ratiba ya siku: saa ya kuamka, ya mazoezi, ya kusoma. Ni kivuli cha ratiba ya Benjamin Franklin, babu wa wajitumaji wote wa Marekani. Mzee anaionyesha kwa fahari mbele ya mazishi yaliyokosa watu. Mamia waliokunywa pombe ya mwanawe hawakutokea, na Daisy hakupeleka hata ua. Kwangu ukurasa huo unazipita nyingine zote, hata ule wa taa ya kijani ya gatini kwa Daisy, unaopendwa na walimu.

Maneno yenyewe, "ndoto ya Kimarekani", yalienea baadaye. Aliyeyatia midomoni mwa watu ni mwanahistoria James Truslow Adams katika kitabu chake The Epic of America cha 1931, uchumi ukiwa umeshaporomoka. Na Adams alisisitiza kwamba hakukusudia magari na mishahara mikubwa tu. Riwaya iliyoizika ndoto hiyo ilitangulia jina lake kwa miaka sita.

Gatsby ilitoka tarehe 10 Aprili 1925. Gazeti la New York World liliitangaza kuwa ni bomu. T. S. Eliot aliisifu kwa barua, lakini barua hailipi pango. Chapa mbili za mwaka ule zilikuwa na nakala 23,870 kwa jumla, wakati riwaya zake mbili za kwanza ziliuza takriban mara mbili ya hizo kila moja. Wakati wa neema nani atake kuambiwa sherehe itaishaje? Miaka ya dhiki ilipofika, wasomaji hawakutaka tena habari za wenye majumba.

Kilichokiokoa ni vita. Kuanzia mwaka 1943 wachapishaji wa Marekani walichapa vitabu vyepesi vya mfukoni na kuwagawia askari bure, zaidi ya nakala milioni 120 kwa jumla. Mwaka 1945 zilitolewa nakala 155,000 za Gatsby, zaidi ya mara sita ya chapa zile mbili za 1925. Vijana wa mashambani walizisoma melini, hospitalini na kwenye foleni za chakula. Wengi wao walikuwa kama James Gatz: sare ya jeshi mwilini, mfukoni hakuna kitu. Baada ya vita vyuo vikaichukua, kisha shule, kisha sinema. Robert Redford aliigiza mwaka 1974, Leonardo DiCaprio mwaka 2013.

Hakimiliki yake nchini Marekani ilikwisha tarehe 1 Januari 2021. Kenya na Tanzania, ambako kazi hulindwa kwa miaka 50 baada ya mwandishi kufa, muda huo ulipita zamani. Mfasiri wa Kiswahili anayeitamani kazi hii hana wa kumwomba ruhusa, wala wa kumlipa.