Dishi la Diani na Waya Wake Mrefu

Televisheni ilifika Diani na Msambweni ikitokea Mombasa, ambako Sauti ya Kenya ilifungua kituo mwaka 1970. Antena ya mlingoti ilitosha, na mawimbi yakidhoofika, chenga zilionekana mapema. Hoteli zilipotaka idhaa za ng'ambo, yalihitajika madishi ya upana wa mita mbili au tatu, ya kunasa mawimbi ya gigahezi 4 hivi. LNB, yaani kichwa cha dishi, iliyashusha hadi kati ya megahezi 950 na 1450 ili yapite kwenye waya.

Huduma ya televisheni ya setilaiti ya DStv ilianza mwaka 1995, na mwaka 2000 setilaiti ya Eutelsat W4 ikapelekwa nyuzi 36 mashariki. Dishi likapungua hadi sentimita 90 hivi. Setilaiti hiyo iko karibu utosini mwa Diani: mawimbi huteremka kwa pembe ya zaidi ya nyuzi 80, kwa hiyo minazi haiyazibi, mradi dishi lipate uwazi kidogo. Taabu ilikuwa chini. Paa la makuti halifai kubeba dishi, hivyo liliwekwa uani na waya ukazikwa bustanini hadi vyumba vya mbali.

LNB mpya zilipanda hadi megahezi 2150. Waya wa RG6 hupoteza takriban desibeli 20 kwa mita 100 kwenye megahezi 1000, na karibu 30 huko juu, yaani hubaki sehemu moja tu kwa elfu. Waya uliolitosheleza dishi la zamani haukulitosheleza jipya, tena kwa baadhi ya idhaa tu.

Umeme nao hupungua njiani. King'amuzi huituma LNB volti 13 au 18 kuchagua mkao wa mawimbi. 18 zikifika 14, nusu ya idhaa hutoweka. Waya wa bei nafuu, wa chuma kilichopakwa shaba, hupitisha mawimbi vizuri kwa kuwa hayo hupita juujuu, lakini umeme huo huupitisha vibaya. Chumvi ya bahari humalizia kwa kuzila koneta.

Kosa lililozoeleka ni kufunga busta nyuma ya televisheni, mahali ambapo inakuza kelele pamoja na picha. Mahali pake ni karibu na dishi. Dijitali iliongeza utata: picha haififii, bali huganda ghafla, hasa mvua za masika zinaponyesha, na lawama zote huangukia mvua.

Hoteli zilipata dawa kwa kukusanya ving'amuzi katika chumba kimoja, kila idhaa na chake, kisha kuzisambaza chini ya megahezi 862, ambako waya hupoteza kidogo. Baadaye nyaya za nuru zilifuta hasara hiyo karibu yote. Nyumba ya Msambweni yenye dishi ukutani na waya wa mita 15 haihitaji lolote kati ya hayo.