Utenzi Usioonekana: Ngeli za Kiswahili na Mipaka ya Katalogi za Kompyuta

Mwaka 2006 Karen Calhoun wa Chuo Kikuu cha Cornell aliiandikia Maktaba ya Bunge la Marekani ripoti kuhusu mustakabali wa katalogi. Miongoni mwa mapendekezo yake lilikuwamo la kuacha kazi kubwa ya kuvipa vitabu vichwa vya mada kwa mkono, na kutegemea zaidi maneno anayoyaandika msomaji mwenyewe katika kisanduku cha kutafutia. Thomas Mann, mkutubi wa marejeo wa maktaba hiyohiyo, alimjibu kwa ukali mwaka uleule. Mjadala ulikuwa wao, juu ya vitabu vyao na wasomaji wao. Hata hivyo hoja ya Calhoun imetufikia Afrika Mashariki bila kujadiliwa, kwa sababu imekuja ndani ya vifaa. Katika warsha za wakutubi leo mazungumzo ni ya mifumo mipya ya utafutaji na ya akili mnemba. Uandikaji wa katalogi ukitajwa, hutajwa kama kazi ya kizazi kilichostaafu.

Makala haya yanapinga mwelekeo huo kwa sababu moja mahususi. Utafutaji kwa maneno, kama ulivyojengwa ndani ya programu tunazozitumia, unachukulia kwamba neno hubadilika mwishoni. Nomino za Kiswahili hubadilika mwanzoni. Msomaji anayetafuta kwa Kiswahili kwa hiyo anahudumiwa vibaya kuliko anayetafuta kwa Kiingereza katika maktaba ileile, kwa programu ileile, na upungufu huo hauzibwi kwa kununua chombo kingine chenye msingi uleule.

Kuhusu faida ya programu huria sina ugomvi na yeyote. Koha, iliyoanzishwa New Zealand mwaka 1999 na kuanza kazi Januari 2000 katika maktaba za Horowhenua, ambako mfumo wa zamani haukuweza kuvuka mwaka 2000, imeziwezesha maktaba nyingi zisizo na fedha kuwa na katalogi ya kisasa. DSpace, iliyotolewa na MIT pamoja na Hewlett-Packard mwaka 2002, imefanya hivyohivyo kwa tasnifu na makala za vyuo vikuu. Mkutubi anayeijua Koha vizuri ana uwezo ambao mtangulizi wake wa miaka ya 1980 hakuwa nao. Swali langu linahusu kinachotokea baada ya msomaji kubonyeza kitufe cha kutafuta.

Mwaka 1980 Martin Porter alichapisha kanuni fupi ya kukata viambishi tamati katika jarida la Program, lililokuwa likishughulikia matumizi ya kompyuta maktabani. Kanuni yenyewe ni nzuri mno: maneno ya Kiingereza yenye shina moja hukatwa mikia, yakabaki umbo moja katika faharasa, na anayetafuta umoja akapata pia wingi. Baadaye Porter aliunda Snowball, lugha ya kuandikia kanuni za aina hiyo kwa lugha nyingine, na Koha ina mpangilio wa kukata maneno unaotegemea Snowball. Kiswahili hakimo katika lugha zake. Hakimo pia katika orodha ya lugha zinazochambuliwa na Elasticsearch, ambayo Koha inaweza kuitumia kama injini ya utafutaji. Elasticsearch imejengwa juu ya Lucene, sawa na Solr inayotumiwa na DSpace. Koha ina mpangilio mwingine pia, wa kuongeza nyota mwishoni mwa kila neno ili herufi chache za mwanzo zilete maneno yote yanayoanza nazo. Huo nao unatazama mwisho wa neno.

Tuchukue katalogi yenye vitabu vitatu ambavyo idara yoyote ya fasihi ya Kiswahili inapaswa kuwa navyo: Utenzi wa Vita vya Uhuru wa Shaaban Robert, uliochapishwa mwaka 1967; Tendi, mkusanyo wa J.W.T. Allen wa mwaka 1971; na Tenzi Tatu za Kale, uliohaririwa na M.M. Mulokozi na kutolewa na TUKI mwaka 1999. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ameambiwa asome kuhusu utanzu wa utenzi. Anaandika "utenzi". Anampata Shaaban Robert peke yake. Mwenzake anaandika "tenzi", anaupata mkusanyo wa Mulokozi, na Shaaban Robert hayumo. Wa tatu amelelewa Lamu na kwake neno ni "utendi". Anaandika hivyo na hapati chochote kati ya vitatu, hata kitabu cha Allen, kwa sababu jina lake liko katika wingi. Nyota ya mwishoni haimsaidii yeyote. "Tenzi" yenye nyota bado haiifikii "utenzi", kwa kuwa tofauti iko upande wa pili wa neno. Wote watatu wataondoka wakiamini kwamba maktaba ina kitabu kimoja au haina kabisa, na hakuna ujumbe wowote kwenye skrini utakaowaeleza kwamba wamekosea njia. Hilo la mwisho ndilo linaloniuma. Rafu tupu humfanya mtu aulize mezani. Orodha yenye kitabu kimoja humridhisha.

Mann alikuwa na jibu kwa hali kama hii: kichwa cha mada. Rekodi zote tatu zikiwa zimepewa kichwa cha Kiingereza cha ushairi wa Kiswahili, zitakutana chini yake bila kujali jina la kitabu linaanza na herufi gani. Kanuni ni sahihi, ila kwetu inafanya kazi nusu. Kichwa kipo, kimeandikwa vizuri, lakini kiko katika lugha ambayo wanafunzi hawa hawakuitumia kutafuta, na ni kipana mno: chini yake utenzi umelala pamoja na shairi na wimbo.

Itasemwa kwamba dawa ni rahisi: geuza nyota iwe mwanzoni. Na kweli, itifaki ya Z39.50 ina nafasi ya kukata neno upande wa kushoto, na Zebra, injini ya kawaida ya Koha, inaikubali. Kwa "shairi" matokeo ni mazuri: mashairi, ushairi, mshairi, washairi, wote wanakuja na wote wanahusika. Kwa "tenzi" mambo yanaharibika. Pamoja na utenzi kinakuja kitenzi, na nyuma yake vitenzi, yaani rafu nzima ya vitabu vya sarufi. Kwa wimbo na nyimbo sehemu inayofanana ni "imbo", na hiyo inaleta jimbo na fimbo. Kwa kitabu na vitabu, shina "tabu" linaleta pia neno tabu. Na kuna maneno ambayo hayasaidiki kwa njia hii hata kidogo: jino na meno havina mwisho wa pamoja unaotosha kitu.

Basi tuandike kanuni ya kukata viambishi awali, kama Porter alivyofanya kwa viambishi tamati? Wapo wanaosema haiwezekani, na hao hawako sahihi. Lucene ina kanuni ya Kiindonesia inayoondoa viambishi vya mwanzo. Ugumu wetu uko kwingine. Mwanzo wa neno la Kiswahili hauonyeshi daima kama ni kiambishi. Ukiondoa "vi" katika "vitabu" umepata kitu. Ukiiondoa katika "vita", neno lililomo katika jina lilelile la kitabu cha Shaaban Robert, umebaki na "ta". Kompyuta haiwezi kutofautisha hayo mawili bila kuwa na kamusi mkononi. Arvi Hurskainen wa Helsinki alilitambua hilo mapema: uchambuzi wake wa mofolojia ya Kiswahili, alioueleza mwaka 1992 na ambao baadaye ukawa sehemu ya mfumo wa SALAMA, unategemea leksikoni pamoja na kanuni. Kwa maneno mengine elimu ipo, tena imekuwapo kwa zaidi ya miaka 30. Kilichokosekana ni mtu wa kuitoa katika isimu na kuiingiza katika katalogi.

Pingamizi kubwa zaidi la leo linatoka kwa watetezi wa akili mnemba. Miundo ya lugha, wanasema, inajua kwamba utenzi na tendi ni jambo moja, hivyo suala hili litajifuta lenyewe. Ninakubali sehemu. Mfumo unaopima ukaribu wa maana badala ya herufi unaweza kuyakutanisha maneno hayo, na katika maandishi marefu huenda ukafanya vizuri. Lakini rekodi ya katalogi si maandishi marefu. Ni jina la kitabu, mwandishi, mchapishaji, mwaka, namba ya rafu, na kama bahati ipo, kichwa kimoja cha mada. Vitabu vingi vya Kiswahili tulivyo navyo havijapigwa picha wala kuingizwa kwenye kompyuta, kwa hiyo hayo maneno machache ndiyo yote ambayo mfumo utayaona. Tena miundo hiyo ikiulizwa vitabu bila kufungwa kwenye katalogi halisi, hutaja majina ya vitabu visivyokuwapo. Rekodi nzuri ndiyo kinga pekee aliyonayo mkutubi dhidi ya hilo.

Pingamizi la pili, kwamba wasomaji wetu hutafuta kwa Kiingereza, lina ukweli katika vyuo vya sayansi. Halina ukweli katika maktaba za mikoa zilizo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, ambako anayeingia mchana mara nyingi ni mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Wala halina ukweli katika idara za Kiswahili, ambako tasnifu nzima huandikwa kwa lugha hii kisha ikatafutwa kwa programu isiyoijua.

New Zealand, nchi ileile iliyotupa Koha, haikuishia kwenye programu. Chama cha wakutubi, chama cha wakutubi wa Kimaori na Maktaba ya Taifa walishirikiana kutunga Ngā Upoko Tukutuku, vichwa vya mada vya Kimaori vinavyokaa katika rekodi sambamba na vya Kiingereza. Muundo wa MARC, unaotumiwa kuandikia rekodi za katalogi, unaruhusu jambo hilo bila kuvunja chochote: uga wa 650 hupokea kichwa kutoka orodha yoyote, ilimradi chanzo chake kitajwe. Sisi tuliipokea programu na hatukuuchukua mfano uliofuata.

Kutunga orodha kamili ya vichwa vya Kiswahili ni kazi ya miaka. Yapo mawili yanayoweza kuanza kabla yake. La kwanza liko mezani kwa mwandika katalogi: uga wa 653, wa istilahi zisizodhibitiwa, anaweza kuujaza umoja na wingi wa neno kuu kila anapoandika rekodi ya kitabu cha Kiswahili. La pili linamhitaji fundi wa mfumo. Elasticsearch na Solr hupokea faili la visawe, andiko la kawaida kabisa ambalo kila mstari wake una maneno ya kuhesabiwa kuwa moja. Mstari wa "utenzi, tenzi, utendi, tendi" unawapa wanafunzi wote watatu vitabu vyote vitatu, na kitenzi kinabaki katika sarufi. Mistari mingine inaweza kuchotwa katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ambayo huonyesha ngeli ya kila nomino. Tofauti za tahajia, kama tamthilia na tamthiliya, zingeingia humohumo.

Faili hilo likitungwa na kila maktaba peke yake, tutakuwa na mafaili mengi yasiyolingana na hakuna litakaloendelezwa. Linahitaji mwenyewe. Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) lina mamlaka ya istilahi na Chuo cha Ukutubi cha Bagamoyo kina wanafunzi wa fani, lakini naona mahali pake hasa ni Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI), yenye kamusi na wanaisimu chini ya paa moja, likitolewa bure kama Koha yenyewe ili maktaba za Nairobi, Bujumbura na Bukavu zilichukue na kuongeza maneno yao. Gharama yake ni mishahara ya watu wachache kwa muda, na kwa chuo kinachofikiria kulipia mfumo mpya wa utafutaji, fedha hizo zitangulie huku.