Hughes Massie: Ofisi Iliyomtunza Agatha Christie

Historia ya ofisi hii ya mawakala wa waandishi, London, haisimuliki bila yule binti wa Torquay aliyeingia kwa woga kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, mkononi ana mswada wake wa kwanza wa riwaya. Jirani yake, mwandishi Eden Phillpotts, ndiye aliyemwelekeza. Bwana Hughes Massie, pande la mtu, alimtisha hasa. Alikaa na mswada miezi kadhaa, akaurudisha na ushauri mmoja: ausahau, aandike mwingine. Tunamshukuru mzee yule, maana binti hakuacha kuandika.

Aliporudi, mwanzoni mwa miaka ya 1920, Massie alikwishafariki. Alipokewa na kijana Edmund Cork, mpole, mwenye kigugumizi kidogo. Cork akausoma mkataba wake na wachapishaji The Bodley Head, uliomfunga kwa vitabu vitano zaidi kwa malipo hafifu, akasikitika. Akampeleka kwa wachapishaji wengine, Collins, na mwaka 1926 ikatoka riwaya yake The Murder of Roger Ackroyd. Kwangu mimi, hiyo ndiyo siku kuu ya ofisi hii.

Kisha Vita Kuu ya Pili. Karatasi ikawa ya mgawo. Mume wa Agatha, Max Mallowan, alikuwa Afrika Kaskazini na Jeshi la Anga. Nyumba yao ya Greenway ikatwaliwa na Jeshi la Majini. Agatha mwenyewe akawa anatoa dawa katika Hospitali ya University College, na huku anaandika. Fedha zake za Marekani zilikwama kwa mambo ya kodi, ambayo Cork na mwenzake wa New York, Harold Ober, waliyabeba kwa subira. Miaka hiyohiyo aliandika riwaya mbili za akiba, Curtain na Sleeping Murder, zikakatiwa bima na kufungiwa benki: moja ya bintiye Rosalind, nyingine ya Max, endapo bomu lingemchukua. Kuandika katika Curtain kifo cha mpelelezi wake Poirot, mabomu yakianguka, na wakala akaitunza siri! Uaminifu ulioje.

Baada ya hapo: The Mousetrap jukwaani, 1952, kampuni ya Agatha Christie Limited, 1955, Curtain kuchapishwa, 1975, kifo cha Agatha, Januari 1976, na Sleeping Murder mwaka huohuo. Cork alikuwa wakala wake hadi mwisho.

Barua zao zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Exeter.