Mfalme wa ng'ombe, hifadhi isiyotaka ng'ombe



Mwaka 2019 mkoa wa Kagera ulipata hifadhi mpya za taifa. Mbili kati yake ni ndogo, hakuna inayozidi kilomita za mraba 300. Moja ni Ibanda-Kyerwa, kule Mto Kagera unakotutenganisha na Rwanda na Uganda. Nyingine ni Rumanyika-Karagwe. Hii ya pili ndiyo iliyonifanya nikae chini niandike.

Rumanyika ni nani hasa? Ni mtawala wa Karagwe, aliyekuwa na makao yake Bweranyange. Waingereza John Speke na James Grant walipofika kwake mwishoni mwa 1861, walikuta nchi ya vilima vya majani, maziwa na makundi ya ng'ombe. Ng'ombe ndiyo ilikuwa hazina ya mfalme. Wanawake wa nyumba ya kifalme walinyweshwa maziwa mpaka kunenepa kupita kiasi, na Speke akampima mmoja wao unene. Vifaru nao walikuwepo, tena Speke aliwawinda. Yaani mifugo, watu na wanyama pori walikuwa nchi moja!

Sasa sikilizeni kilichofuata. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 ikaja sotoka. Ng'ombe wakafa, na njaa na maradhi yakawapukutisha watu. Mbuga ya majani haijitunzi yenyewe. Ng'ombe wanakula, mfugaji anachoma majani makavu, mkulima anafyeka vichaka. Waondoe hao, vichaka vinarudi, na vichaka ndiyo kivuli cha ndorobo. Wanyama pori wakaongezeka tena kabla ya watu na mifugo, na ndorobo akasambaa nao. Mtafiti wa ndorobo John Ford, katika kitabu chake cha mwaka 1971, aliieleza Karagwe kwa namna hiyo.

Kwa hiyo lile tuliloliita "pori" na kulifanya pori la akiba, sehemu yake lilikuwa malisho ya watu waliofilisika. Baadaye tukalipandisha daraja kuwa hifadhi ya taifa, ambamo kuchunga ni kosa. Tukaipa jina la mfalme ambaye bila ng'ombe asingekuwa mfalme!

Sisemi hifadhi zifutwe. Wakimbizi wa Rwanda walipofurika Karagwe mwaka 1994, miti ilikatwa na wanyama waliwindwa mno. Bila ulinzi tusingebaki na kitu. Ila tuache kuwafundisha watoto kwamba mfugaji ni mvamizi wa nchi ambayo babu zake walisaidia kuitengeneza. Mwaka 2013, wakati wa Operesheni Kimbunga ya kuondoa wahamiaji haramu, wafugaji wa Kagera walikuwa miongoni mwa walioulizwa uraia wao. Historia hii nani aliikumbuka siku hiyo?

Wadau wa Karagwe na Kyerwa, nyie mnasemaje? Wazee wenu wanakumbuka kipi kilikuwa malisho na kipi kilikuwa pori? Waulizeni mapema.