Jeni mbili, kinga moja: historia fupi, na kosa la programu yangu

Leo tupumzike na mambo ya kodi, niwasimulie historia kidogo. Mwishoni mtaona kwa nini inamhusu mtengeneza programu.

Mimi ni mtu wa Kwanza. Ukitoka Kitale hadi Bungoma unateremka karibu mita 500. Joto linapanda na malaria nayo inaongezeka. Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyelelewa Kenya, alizunguka nchini akikusanya sampuli za damu. Karibu na pwani na Ziwa Victoria alikuta jamii ambazo zaidi ya asilimia 20 ya watu wana jeni ya seli mundu. Nyanda za juu hawakufika hata asilimia 1. Akajiuliza: kwa nini jeni inayoua iwe nyingi hivyo penye mbu?

Jibu alilichapisha mwaka 1954. Alipima watoto 290 karibu na Kampala. Kati ya 43 waliorithi jeni hiyo, 12 walikuwa na vimelea vya malaria. Kati ya 247 wasio nayo, walikuwa 113. Kurithi jeni moja kunakinga; kurithi mbili, kutoka kwa baba na mama, ndio ugonjwa wenyewe.

Makala za namna hii zikawa maelfu, na hakuna awezaye kuzisoma zote. Ndipo ikazaliwa kazi ya uchambuzi: mtu anasoma makala, anaandika jeni gani inagusana na ipi, protini gani inashikana na ipi, na ilipimwa vipi. Hifadhidata ya BioGRID ilianzia Toronto mwaka 2003. Mwaka 2006 kundi hilo lilitangaza kwamba limepitia muhtasari na makala zaidi ya 31,000 kuhusu hamira peke yake, na kupata miingiliano 33,311. Kwa macho ya watu, jamani!

Mimi nikiwa chuo nikaona huo ni ujinga. Nikaandika programu: ikikuta majina ya jeni mbili na neno "kinga" katika muhtasari mmoja, inaweka mstari kwenye jedwali. Nikajisifu sana.

Halafu shangazi yangu wa Bungoma akanipigia simu. Ana mtoto mgonjwa wa seli mundu, na kaka yake ana jeni moja tu. "Mwanangu, huyu mkubwa wanasema ana kinga. Sasa neti ya nini?"

Nikafungua jedwali langu. Mstari ulisema seli mundu na thalasemia ya alfa, ambayo pia ni ya kawaida kwetu magharibi, zote zinakinga. Mbili, nikawaza, si ndio bora zaidi? Bahati nzuri nilifungua makala yenyewe kabla ya kumjibu. Ni utafiti wa Kilifi, uliochapishwa mwaka 2005 na Thomas Williams na wenzake. Kila moja ikiwa peke yake inakinga. Lakini mtoto aliyerithi jeni moja ya seli mundu pamoja na thalasemia ya alfa kutoka kwa wazazi wote wawili, kinga inapotea karibu yote! Huenda ni kwa sababu himoglobini hujengwa kwa minyororo ya alfa na beta: alfa ikipungua, himoglobini ya seli mundu nayo inapungua ndani ya chembe ya damu.

Programu yangu ilisoma maneno yote sawasawa, ikakosa maana.

Nilimwambia shangazi: kinga si ukuta, neti ibaki, na mtoto akipata homa apelekwe kupimwa.

Siku hizi zipo programu zinazosoma vizuri kuliko ile yangu. Hata hivyo, kila mstari ninaouweka nauambatanisha na namba ya makala na sentensi iliyotoa habari, ili mtu aweze kurudi kusoma mwenyewe. Nawe ukiunda jedwali lolote, usisahau safu hiyo.

Haya, tuonane wakati mwingine.