Thamani ya Silaha Kuukuu: Habari za Mizinga ya Salale

Mtu akienda mnadani kununua jembe lililokwisha tumika, hulishika mkononi, hutazama makali yake, hupima uzito wake, kisha hutaja bei. Hesabu hiyo ni nyepesi, kwa kuwa jembe huonyesha uzee wake wazi. Lakini bunduki je? Na mzinga uliokwisha pigwa vitani, bei yake ya haki ni ipi? Katika mazungumzo haya twapenda kulipima swali hilo kwa habari za historia, na hasa habari za Salale, katika matawi ya mto Rufiji, ambako mizinga ya manowari moja ilithaminiwa mara tatu, na kila mara kwa kipimo kingine.

Kwanza yafaa tutazame biashara ya bunduki kuukuu ilivyokuwa kabla ya hapo. Katika karne ya 19 majeshi ya Ulaya yaliyaacha magobori, yaani bunduki za kushindiliwa baruti mdomoni, yakachukua bunduki za kutiwa risasi kwa nyuma. Magobori mengi yakawa hayana kazi tena huko, na wafanyabiashara wakayanunua rahisi wakayaleta Unguja. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza huko Unguja, Euan-Smith, alikisia kuwa bunduki baina ya 80,000 na 100,000 zilipita pwani hii kila mwaka kwenda bara. Huko zilibadilishwa kwa pembe za ndovu.

Kwa nini mtu wa bara atoe pembe yake kwa kitu ambacho mwenyewe wa kwanza amekitupa? Hakuwa mjinga. Gobori lilimfaa. Baruti ilipatikana kwa wachuuzi, risasi aliweza kuiyeyusha mwenyewe, na mhunzi wa kijiji aliweza kulitengeneza. Bunduki mpya ilikuwa bora sana, lakini risasi zake zilitoka katika viwanda vya ng'ambo. Zilipokwisha, bunduki ile haikuzidi rungu. Basi hiyo ndiyo kanuni ya kwanza: usitazame silaha peke yake, tazama na chakula chake.

Hata hivyo, urahisi wa gobori ulikuwa na sababu yake. Mwaka 1905 vita vya Maji Maji vilipoanza katika vilima vya Umatumbi, kusini ya Rufiji, wazee wetu waliingia vitani na magobori, mikuki na mishale, wakakutana na bombomu za Wajerumani. Hapo ilidhihirika kwamba silaha iliyokuwa na thamani kwa mwindaji haikuwa na thamani ile ile mbele ya jeshi.

Sasa tuje Salale. Manowari ya Kijerumani, Königsberg, ilifika Dar es Salaam mwaka 1914 ikiwa na mizinga kumi ya upana wa sentimita 10.5. Tarehe 20 Septemba mwaka ule iliizamisha manowari ya Kiingereza, Pegasus, katika bandari ya Unguja. Kisha ikaja kujificha katika matawi ya Rufiji, kati ya mikoko. Kabla ya mwaka kwisha Waingereza walikuwa wameigundua, wakaifungia njia ya kutoka baharini.

Hapo mizinga ile ilithaminiwa mara ya kwanza. Ilikuwa mizima na mizuri, lakini manowari haikuweza kutoka, na makombora yake yalikuwa ya kuhesabiwa. Mwezi Aprili 1915 merikebu iitwayo Rubens ilileta shehena ya silaha na makombora hata Manza, kaskazini ya Tanga, lakini si Rufiji. Mwezi Julai Waingereza waliingiza mtoni manowari mbili zisizohitaji kina kirefu, Severn na Mersey, huku ndege zikiwaonyesha shabaha kutoka juu. Tarehe 11 Julai 1915 nahodha Looff aliamuru Königsberg izamishwe na wenyewe.

Waingereza wakadhani kazi imekwisha. Lakini maji ya mahali pale si ya kina, na chombo hakikufunikwa chote. Wajerumani wakaitoa mizinga yote kumi, ikavutwa kwa mikono ya watu hata Dar es Salaam, na katika karakana ya reli mafundi wakaiundia magari ya magurudumu. Hiyo ni mara ya pili ya kuthaminiwa. Mizinga iliyokuwa haina faida juu ya maji ikawa mizinga mikubwa kabisa ya jeshi lile katika nchi kavu. Mmoja ulipelekwa Kigoma, ukawekwa juu ya merikebu Goetzen katika ziwa Tanganyika. Mwezi Machi 1916 merikebu nyingine, Marie, ilileta makombora hata Sudi, karibu na Lindi. Basi hii ni kanuni ya pili: silaha kuukuu ina thamani mahali penye fundi na mahali penye haja. Kisha, mmoja baada ya mmoja, mizinga ikatekwa au ikaharibiwa na wenyewe walipokuwa wakirudi nyuma.

Mara ya tatu ilikuwa mwaka 1924. Ingle, aliyekuwa nahodha wa Pegasus, alinunua haki ya kutoa mabaki ya Königsberg kwa pauni 200, yaani shilingi 4,000. Chombo kilichokizamisha chombo chake alikipata kwa fedha hizo! Wazamiaji wake walitafuta madini yasiyokuwa chuma. Manowari iliyoundwa kwa mamilioni sasa ilipimwa kwa ratili kama sufuria iliyotoboka. Katika miaka ya 1960 yaliyosalia yakamezwa na matope ya mto.

Lakini iko bei moja ambayo haikuandikwa katika mkataba wo wote. Mzinga haukwenda wenyewe. Mamia ya watu waliukokota kwa kamba katika mchanga, matope na vilima, na wengine walichukua makombora yake begani. Kila upande ulikuwa na wapagazi wake. Kwa upande wa Waingereza peke yake hesabu yao wenyewe ilionyesha wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa, wengi kwa maradhi na njaa. Jina la Kariakoo mjini Dar es Salaam limetokana na kikosi chao.

Leo mzinga mmoja wa Königsberg uko katika Ngome ya Yesu, Mombasa, pamoja na mzinga wa Pegasus. Maadui wawili wamepumzika ua mmoja, na hakuna awezaye kuutambua mshindi kwa kutazama chuma.

Basi mtu akituuliza bei ya haki ya silaha iliyokwisha tumika, sisi tutamwambia asianze kwa kuuliza umri wake. Aulize kwanza, chakula chake kitatoka wapi? Aulize pili, fundi wake ni nani? Aulize tatu, na hili ndilo kubwa, nani atakayeibeba? Wapagazi wa mizinga ya Salale hawakuulizwa bei, nao ndio walioilipa.