Kiwanja Nakivale, Chumba Mbarara: Historia ya Familia Zinazoishi Sehemu Mbili



Kodi ya nyumba haina huruma. Mwezi ukiisha inadaiwa, awe mtu amepata kazi au hakupata, awe mtoto ni mzima au yuko hospitali. Ndiyo maana katika miji mikubwa ya dunia watu wamebuni njia nyingi za kupata pa kulala. Wako wanaoishi ndani ya mashua kwenye mifereji ya London. Wako wafanyakazi wa Dubai wanaokodi kitanda tu, si chumba. Sisi wa Afrika Mashariki nasi tunayo njia yetu, na mfano wake mzuri uko kusini magharibi mwa Uganda, kati ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale na mji wa Mbarara. Huko familia moja huishi sehemu mbili: kiwanja Nakivale na chumba Mbarara.

Wapo wanaoitazama familia ya namna hiyo na kusema imevunjika, au inawahadaa wanaotoa misaada. Tukiifuata historia yake tutaona kwamba ni hesabu iliyopigwa kwa makini. Tutaona pia kwamba hesabu hiyo sasa iko hatarini.

Makazi yaliyoanza kwa kugawa ardhi

Nakivale ilianza mwishoni mwa miaka ya 1950 na ikatangazwa rasmi mwaka 1960. Wakazi wake wa mwanzo walikuwa Watutsi waliokimbia machafuko ya Rwanda yaliyoanza mwaka 1959. Leo eneo hilo limo katika wilaya ya Isingiro, lakini hadi mwaka 2005 lilikuwa sehemu ya wilaya ya Mbarara. Kwa hiyo uhusiano wa Nakivale na Mbarara ni wa tangu mwanzo.

Jambo la kuzingatia ni jinsi yalivyopangwa. Nakivale si kambi ya mahema yaliyozungushiwa ua. Ni vijiji vingi vilivyotawanyika katika eneo la kilomita za mraba zipatazo 185, karibu na ziwa lenye jina hilohilo. Mkimbizi akisajiliwa hupewa kiwanja, turubai na vifaa vichache, kisha hujijengea nyumba ya udongo na kulima mahindi na maharage. Ardhi si mali yake. Anaruhusiwa kuitumia, haruhusiwi kuiuza. Hata hivyo, halipi kodi. Kwa mtu aliyepoteza kila kitu, kuwa na mahali ambapo hakuna mwenye nyumba atakayebisha hodi mwisho wa mwezi ni neema kubwa.

Baada ya mwaka 1994 wengi wa wale Wanyarwanda wa zamani walirejea kwao. Nafasi zao zilichukuliwa na wengine: Wahutu wa Rwanda, Wakongo waliokimbia vita vilivyoanza mwaka 1996 na 1998, Warundi, Wasomali, Waethiopia na Waeritrea. Kufikia mwaka 2023 Nakivale ilikuwa na watu zaidi ya 150,000. Mkongo, Mrundi na Msomali wanapokutana sokoni, mara nyingi lugha inayowaunganisha ni hii yetu ya Kiswahili.

Somo la mwaka 1982

Kuna tukio moja linaloonyesha kwa nini kiwanja cha makazi hakidharauliwi. Mnamo Oktoba 1982 watu waliohesabiwa kuwa Wanyarwanda walifukuzwa majumbani mwao katika eneo la Ankole. Wengi wao walikuwa wameishi nje ya makazi kwa miaka mingi, wakiwa na nyumba na ng'ombe wao, na baadhi yao walikuwa raia wa Uganda. Nyumba zilichomwa na mifugo ikaporwa. Maelfu walivuka mpaka kuingia Rwanda, na maelfu wengine walisukumwa hadi kwenye makazi ya wakimbizi, Nakivale ikiwamo.

Wale waliofukuzwa si hawa wanaoishi Nakivale leo. Lakini somo ni lilelile kwa kila mgeni: mjini au kijijini kwa watu unaweza kufukuzwa siku moja, basi usiache pa kurudi.

Kwa nini Mbarara?

Kama kuna ardhi bila kodi, kwa nini mtu aondoke? Jibu ni kwamba shamba hulisha lakini halitoi ada ya shule. Mbarara kuna hospitali kubwa ya rufaa, kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia kilichoanzishwa mwaka 1989, kuna masoko na kazi za mikono. Fundi cherehani, msusi, muuza vitenge na mwenye duka dogo hupata mjini wateja wenye pesa. Julai 2020 Mbarara ilipandishwa hadhi kuwa jiji. Mji unapokua, vyumba hutafutwa na watu wengi zaidi, na mwenye kipato kidogo ndiye wa kwanza kubanwa.

Chumba cha kawaida cha mtu wa kipato kidogo ni kile kilichojengwa kwa mstari, mlango baada ya mlango, choo na bomba vikiwa vya wote. Waganda huviita vyumba hivyo mizigo. Msikilizaji wa Kiswahili huenda akatabasamu, kwani kodi yenyewe ndiyo mzigo hasa. Mara nyingi mwenye nyumba hutaka alipwe miezi kadhaa kabla hujaingia. Baba au mama mwenye watoto sita angehitaji vyumba viwili au vitatu, na mjini hata kuni na maji hununuliwa.

Hapo ndipo hesabu ya sehemu mbili inapoingia. Mtu mmoja wa familia huenda mjini, akashirikiana chumba na wawili au watatu waliotoka kijiji kimoja. Wengine hubaki kwenye kiwanja wakilima. Gunia la mahindi na maharage huenda mjini, na pesa hurudi kijijini. Tangu huduma ya kutuma pesa kwa simu ianze Uganda mwaka 2009, pesa hizo hufika bila mtu kupanda gari. Wengine hugeuza mpango: mama na watoto wakubwa hukaa mjini kwa ajili ya shule, baba akabaki kulinda kiwanja. Likizo na sikukuu wote hukutana Nakivale.

Sheria nayo ilisaidia. Sheria ya zamani ya mwaka 1960 ilimtaka mkimbizi akae mahali alipopangiwa. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 ilimpa haki ya kutembea nchini na kufanya kazi. Kabla ya hapo mpango huu mara nyingi ulifanyika kwa kujificha.

Desturi yetu ya zamani

Kugawana nyumba si jambo geni kwetu. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo, Dar es Salaam, ilijengwa na ukumbi katikati na vyumba pande mbili, mara nyingi sita, na ua nyuma kwa ajili ya kupika na kufua. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja, vingine akapangisha. Nairobi nayo, katika mtaa wa Pumwani wa miaka ya 1920, Waislamu wengi wakiwamo wanawake walijenga nyumba za mtindo huo na kuishi kwa kodi za wapangaji. Wageni wengi walianza maisha ya mjini katika vyumba hivyo.

Tukirudi nyuma zaidi, Waislamu wa mwanzo waliohamia Madina mwaka 622 walikabiliwa na swali hilihili. Walifika bila nyumba. Mtume (S.A.W.) aliwaunganisha Muhajirina na Ansari kwa undugu, kila mwenyeji akampokea mgeni wake, na wasio na jamaa wakakaa kwenye Suffa, mahali penye kivuli msikitini. Tunajua kisa cha Abdurrahman bin Auf, aliyeahidiwa na Saad bin Rabii nusu ya mali yake. Alimwombea baraka, kisha akaomba aonyeshwe soko lilipo. Mgeni alihitaji pa kulala na njia ya kufika sokoni. Ndivyo ilivyo kwa mtu wa Nakivale: kiwanja kwa ajili ya kulala, Mbarara kwa ajili ya soko.

Gharama zake

Tusifiche kwamba mpango huu una maumivu. Watoto hukua wakimwona mzazi mmoja kwa zamu. Binti mkubwa hugeuka mama wa wadogo zake kabla ya wakati. Mume na mke wanaokaa mbali kwa miaka hupata mtihani katika ndoa. Na kiwanja kisichokaliwa muda mrefu huweza kugawiwa mtu mwingine.

Kisha kuna suala la kuhesabiwa. Msaada wa chakula hutolewa kwenye makazi, si mjini. Mkimbizi anayelala Mbarara, kwenye daftari yuko Nakivale. Mwaka 2018 serikali na shirika la UNHCR waliendesha uhakiki wa wakimbizi nchi nzima, kwa alama za vidole na macho, na idadi ikashuka kutoka watu milioni 1.4 hivi hadi karibu milioni 1.1. Mwenye kazi mjini alilazimika kurudi kuhakikiwa, la sivyo jina lake lingepotea.

Pigo kubwa zaidi limekuja kwenye chakula. Mwaka 2023 shirika la WFP lilianza kuwagawa wakimbizi wa Uganda katika makundi matatu kulingana na shida zao, na kundi lililoonekana linaweza kujitegemea likaondolewa kwenye mgao. Mwaka 2025, fedha za wafadhili zilipopungua, watu wapatao milioni moja walikatiwa chakula. Wakati huohuo viwanja wanavyopewa wageni ni vidogo kuliko vya zamani, kwa kuwa watu wameongezeka na ardhi ni ileile. Tazama basi hesabu inavyoharibika. Mpango wa sehemu mbili ulisimama kwa sababu kijijini chakula kilipatikana bila kununua. Ikiwa mtu wa mjini atalipa kodi Mbarara na kununua unga wa Nakivale pia, mpango hauna faida tena.

Ushauri kwa familia na wanafunzi

Kwa wanaoishi hivi, au wanaofikiria kuanza, haya yanafaa kuzingatiwa.

Kwanza, wanaoshirikiana chumba waandikiane: nani analipa nini, na itakuwaje mmoja akikosa kazi. Ugomvi mwingi wa vyumbani huanza kwenye mambo yasiyosemwa.

Pili, mpangaji aijue haki yake. Sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya Uganda ya mwaka 2022 inazuia kodi kupandishwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Omba risiti kila unapolipa.

Tatu, asiachwe mtoto peke yake kwenye kiwanja kwa ajili tu ya kulinda nyumba. Nyumba ya udongo hujengwa tena. Mtoto akiharibikiwa hajengwi tena.

Nne, wenyeji wa Mbarara, na hasa wenye nyumba, wakumbuke kwamba mpangaji anayelipa kidogokidogo huenda analisha watu wanane walio Nakivale. Mwenye nyumba anayempa wiki mbili za ziada huenda ameinusuru familia nzima.

Mwenyezi Mungu awape makazi mema wasio na makazi, na azikutanishe familia zilizotengana. Amin.